Wasomaji wanauliza: kusaka picha za Mirihi zilizopigwa kutoka kwenye obiti

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna ya kuitazama Mirihi kwa programu za ramani, hasa JMARS. Barua zimekuja nyingi, na zaidi ya nusu zinahusu mambo mawili: digrii zinazompeleka mtu pasipo, na vitu vya ajabu vilivyoonekana baada ya picha kukuzwa kupita kiasi. Tumechagua hizi.

Wahariri, hamjambo? Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani, RAM yake ni GB 4, na intaneti ninatumia bando la simu. Nianze na programu ipi? Na bando litapona? (Msomaji, Morogoro)

Hatujambo, ndugu. Kwa mashine hiyo anza na Google Earth Pro. Haina malipo, na ukibofya kitufe cha sayari kilicho juu ya dirisha unaweza kuhama kutoka Dunia kwenda Mirihi au Mwezini. Upande wa kushoto, kwenye orodha ya tabaka, utakuta fremu za picha za kamera mbalimbali. Bofya fremu na kisanduku kitafunguka kikiwa na kiungo cha picha yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba orodha hiyo ya fremu imepitwa na wakati. Inatosha kwa kujizoeza jiografia ya sayari, lakini kwa kutafuta picha za karibuni itakuangusha.

Kwa kazi ya kweli tumia JMARS. Ilitengenezwa na Arizona State University kwa ajili ya watu waliopanga kamera ya THEMIS, iliyo kwenye chombo Mars Odyssey, itazame wapi. Ndiyo maana haina madoido. Nayo ni ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa GB 4 itafunguka, ila ukionyesha picha kubwa tatu nne kwa pamoja itaganda. GB 8 ndiyo starehe.

Utaratibu ni huu. Ramani ya msingi ya kivuli cha milima, iliyotokana na leza ya MOLA, ikishatokea, nenda kwenye eneo lako. Bonyeza kitufe cha kuongeza tabaka, "Add New Layer", kisha chagua "Stamps" na kamera unayoitaka. Stampu si picha bado. Ni mstari tu unaozunguka eneo ambalo picha moja ilifunika. Kabla stampu hazijapakiwa, programu hukupa nafasi ya kuzichuja kwa latitudo, longitudo, tarehe, pembe ya jua na mengineyo. Usiiruke hatua hiyo. Anayeomba stampu zote za CTX (kamera ya chombo Mars Reconnaissance Orbiter) za sayari nzima hujaziwa skrini na mistari hadi asione ramani, na kompyuta ndogo huishiwa pumzi hapo hapo. Zikishatokea, bofya kulia juu ya stampu moja na uagize ionyeshwe.

Ukuzaji ndani ya JMARS huhesabiwa kwa pikseli kwa kila digrii. Digrii moja ya latitudo Mirihini ni kilomita 59.3 hivi, kwa hiyo piga hesabu: ukuzaji wa 512 ni kama mita 116 kwa pikseli, na hiyo yatosha picha za joto za THEMIS, ambazo pikseli yake ni mita 100. Ukuzaji wa 8,192 ni mita 7.2, karibu sawa na CTX, ambayo pikseli yake ni mita 6 hivi. Kufikia HiRISE, kamera nyingine ya chombo hicho cha CTX, yenye pikseli za sentimita 25 hadi 30, unahitaji 262,144. Ukikuza kupita ukubwa wa pikseli wa kamera yenyewe huongezi chochote, unapanua miraba tu.

Kuhusu bando: picha moja ya HiRISE yenye upana wa kilomita 6 na urefu wa 12, kwa pikseli ya sentimita 25, ina pikseli 24,000 kwa 48,000, yaani zaidi ya bilioni moja. Faili lake kamili ni mamia ya megabaiti, na mengine hupita gigabaiti. Usilipakue kwa kujaribu. Kila picha ina nakala ndogo ya kutazama, nayo itakuambia kama palikuwa na vumbi au kama fremu imekatika kabla ya kufika eneo lako.

Salaam aleikum. Nilichukua jina la faili la CTX linaloishia na 18N282W, nikaandika kwenye JMARS latitudo 18 na longitudo 282 nikitarajia kuiona kreta ya Jezero. Nimefikishwa mahali ambapo hakuna Jezero wala dalili yake. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Herufi W iliyo mwishoni umeisoma kama pambo. CTX huandika longitudo katika majina ya faili kwa kuhesabu kwenda magharibi, kama ramani za enzi za Viking, vyombo vya miaka ya 1970, zilivyofanya, ilhali JMARS kwa kawaida huhesabu kwenda mashariki, kuanzia 0 hadi 360. Toa: 360 ondoa 282 ni 78. Jezero iko kwenye digrii 77.5 mashariki, kwa hiyo ungefika. Ulipopelekwa, upande wa Lunae Planum, ni zaidi ya kilomita 8,000 kutoka pale.

Hilo ni kosa kubwa na hujionyesha lenyewe. Kosa dogo ndilo la hatari, kwa sababu hukuacha karibu na unapopataka, nawe ukaamini umefika. Mirihi imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo cha ikweta ni kilomita 3,396.2, cha ncha ni 3,376.2. Kwa sababu hiyo kuna latitudo za aina mbili. Ya kwanza hupimwa kwa mstari unaotoka kwenye kitovu cha sayari. Ya pili hupimwa kwa mstari uliosimama wima juu ya uso wa sayari, kama tunavyofanya kwenye ramani za Dunia. Kwenye ikweta na kwenye ncha zinalingana. Kwenye digrii 45 zinapishana kwa takriban 0.34, sawa na kilomita 20. Kwenye latitudo ya Jezero tofauti ni karibu digrii 0.2, yaani kilomita 12 hivi, na huo ni urefu mzima wa ile fremu ya HiRISE tuliyoipigia hesabu juu. Ukichanganya aina hizo mbili utapekua picha isiyohusika kabisa, fremu nzima kaskazini au kusini ya ile uliyoihitaji. Ukikuta latitudo kwenye makala ya zamani pamoja na longitudo ya magharibi, shuku kwamba ni aina ya pili.

Jambo la mwisho: jina la CTX limekata digrii kuwa namba nzima. Ni mwelekeo, si anwani. Mahali halisi ni ndani ya mstari wa stampu.

Namba katika majina ya picha za HiRISE zina maana gani? (Msomaji, Kisumu)

Chukua PSP_003234_2210. Herufi tatu za mwanzo ni awamu ya safari: PSP ni awamu ya kwanza ya utafiti, ESP ni ya nyongeza. Tarakimu sita ni namba ya mzunguko wa chombo, Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika Mirihi Machi 2006. Kwa kuwa huzunguka karibu mara 13 kwa siku, kutoa namba mbili na kugawanya kwa 13 hukupa siku zilizopita kati ya picha na picha. PSP_010573_1755 na PSP_010639_1755, zote za kreta ya Gale, zimepishana mizunguko 66, yaani siku 5.

Tarakimu nne za mwisho ndizo zenye faida zaidi. Gawanya kwa 10, kisha toa 180. Hivyo 2210 huwa 41 kaskazini, 1755 huwa 4.5 kusini, 1985 huwa 18.5 kaskazini. Hesabu hii hufaa kwa picha zilizopigwa chombo kikipanda kutoka kusini kwenda kaskazini, na hizo ndizo nyingi mno, kwa sababu upande huo ndio wa mchana. Ukikuta namba iliyopita 2700, chombo kilikwisha kuivuka ncha ya kaskazini na kinashuka.

Hiyo 2210, kwa wanaopenda kujua, ndicho kile kilima cha eneo la Cydonia ambacho kwa kufanana na uso wa mtu katika picha ya zamani kiliitwa "uso". Viking 1 ilikipiga Julai 1976 kwa pikseli za mita 50 hivi, jua likiwa chini sana, na sehemu ya vidoti vyeusi vilivyofanana na tundu za pua ni data iliyopotea njiani. Mwaka 2001 kamera ya chombo Mars Global Surveyor ilikipiga kwa pikseli za mita 1.6 hivi. Ni kilima.

Nimefungua picha ya HiRISE kwenye QGIS, programu ya kutengenezea ramani. Kwanza haikukaa juu ya ramani yangu nyingine, halafu nilipopima kreta kwenye ramani hiyo ya msingi, vipimo vilitoka karibu mara mbili ya vile vilivyoandikwa vitabuni. (Mwanafunzi wa jiografia, Nairobi)

QGIS inadhani uko duniani. Mradi mpya hufunguka ukiwa na mfumo wa majira (yaani viwianishi vya mahali, CRS) wa WGS 84, ambao digrii yake moja ni kilomita 111. Ya Mirihi ni 59. Gawanya: 1.88. Hiyo ndiyo "karibu mara mbili" yako. Kwa maeneo kosa hilo hujizidisha, likafika mara 3.5.

Fungua sifa za mradi, sehemu ya mfumo wa majira, na utafute namba 49900 katika orodha ya IAU. Huo ni mfumo wa Mirihi kama tufe la nusu kipenyo cha kilomita 3,396.19. Kisha, na hapa ndipo wengi hukwama, nenda pia kwenye sehemu ya jumla ya sifa hizo hizo uangalie duaradufu ya kupimia. Ni mpangilio wa pekee. Waweza kubadili mfumo wa majira huku rula ikaendelea kutumia Dunia. Andika mwenyewe 3396190 na 3376200, kwa mita.

Kuhusu kutokaa mahali pake, sababu zaweza kuwa tatu. Ukiona ujumbe kwamba mifumo miwili si ya gimba moja la angani, tabaka mojawapo bado limebaki na majira ya Dunia. Ikiwa tofauti ni ndogo na huongezeka kadiri unavyosogea mbali na ikweta, shuku makadirio ya ramani: HiRISE hutengeneza kila picha kwa latitudo ya katikati iliyo karibu nayo na kwa nusu kipenyo cha hapo, si cha ikweta. Ikiwa ni mita mia mbili tatu tu kwa mwelekeo mmoja, hakuna ulichokosea. Ni shaka iliyomo katika kujua chombo kilikuwa wapi na kilielekea wapi. Chagua picha moja iwe msingi, tafuta kreta ndogo inayoonekana kwenye zote mbili, uisogeze ya pili.

Na kabla hujafanya kazi nyingi na faili la JP2 (muundo wa picha za HiRISE), libadili kuwa GeoTIFF kwa amri ya gdal_translate, kisha ulitengenezee piramidi, yaani nakala zake ndogo za kuharakisha utazamaji, kwa amri ya gdaladdo. JP2 imebanwa sana. Kila unapoisogeza, kompyuta huifungua upya.

Nikiangalia kreta naona vilima vyenye duara. Rafiki yangu anaona mashimo. Nani ana kasoro ya macho? (Msomaji, Bujumbura)

Hakuna. Ubongo hudhani mwanga unatoka juu. Picha za Mars Reconnaissance Orbiter hupigwa kama saa tisa alasiri ya pale, kwa hiyo jua liko magharibi, na kaskazini ikiwa juu ya skrini mwanga hutoka kushoto. Shimo litakuwa na kivuli ukutani kushoto na mng'ao kulia. Kilima ni kinyume chake. Jiambie "taa iko kushoto" mara mbili tatu, mashimo yatazama yenyewe. Ila hakikisha picha ni ile iliyolazwa kwenye ramani. Zilizo ghafi zaweza kuwa zimegeuka, kushoto ikawa kulia.

Nafundisha sekondari. Je, wanafunzi wanaweza kupata kitu kipya, au kila kitu kimekwisha kuonwa? (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, mwaka 2010 darasa la saba la huko Cottonwood, California, lilikuwa likichunguza mifereji ya lava kwa picha za THEMIS. Kwenye mteremko wa Pavonis Mons waliona doa jeusi la mviringo. HiRISE ilipolipiga ikathibitika ni tundu la paa lililoporomoka, mita 190 kwa 160, kina chake si chini ya mita 115. Miaka mitatu tu nyuma wanasayansi walikuwa wametangaza matundu saba ya namna hiyo kwenye Arsia Mons, mlima wa jirani.

Waweza kuwapa zoezi hilo hilo. Peleka JMARS kwenye latitudo 1.5 kaskazini, longitudo 247 mashariki. Pakia stampu za THEMIS za mwanga wa kawaida, zenye pikseli za mita 18. Tundu la mita 190 litakuwa na pikseli 10 hivi, zinazotosha kuona mviringo. Chuja zile ambazo jua liko juu kiasi, ili kivuli cha kawaida kisidanganye. Kinachotafutwa ni duara jeusi lisilo na ukingo ulioinuka wala mawe yaliyotapakaa kulizunguka. Kreta ya kimondo ina ukingo, tundu halina.

Hatua ya pili ndiyo tamu. Linganisha picha ya joto ya mchana na ya usiku. Sakafu ya tundu refu haipigwi na jua kutwa, wala haipotezi joto haraka usiku. Kwa hiyo mchana itaonekana baridi kuliko jirani zake, usiku joto kuliko jirani zake. Doa la mchanga mweusi hufanya kinyume: mchana hupamba moto. Tatizo ni kwamba kwa pikseli za mita 100, tundu la mita 190 ni pikseli mbili tu, kwa hiyo wasidai zaidi ya "pana joto" au "pana baridi". Wagawe wanafunzi vipande vya nusu digrii kwa nusu digrii, kila kipande watazame wawili bila kuambiana. Doa lililoonwa na mmoja tu lirudiwe na wa tatu.

Mimi na wenzangu tunataka kutafuta vyombo vilivyopotea Mirihini. Nasikia Mars Polar Lander haijapatikana hadi leo. Tuanzie wapi? (Msomaji, Unguja)

Anzieni na karatasi na kalamu, si skrini. Swali la kwanza ni: kitu hicho kitakuwa pikseli ngapi? Kigari cha Curiosity, chenye urefu wa mita 3, ni pikseli 10 hadi 12 kwenye HiRISE, na nusu pikseli kwenye CTX. Kitu cha chini ya pikseli 3 hakina umbo; ni doa, na doa laweza kuwa jiwe. Ndiyo maana hutafuti chombo kwanza. Unatafuta vitu vyake vikubwa au vyenye rangi: mwavuli, uchafu mweusi wa mlipuko, vumbi lililopeperushwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni Schiaparelli, chombo cha Ulaya kilichoanguka eneo la Meridiani tarehe 19 Oktoba 2016. Siku iliyofuata CTX ilipiga eneo hilo, nayo ilikuwa na picha ya miezi kadhaa nyuma ya mahali pale pale. Zilipolinganishwa yakajitokeza madoa mawili mapya: jeupe, ambalo ni mwavuli wa mita 12, na jeusi la mita 15 kwa 40 kiasi cha kilomita moja kutoka hapo, ambapo chombo kilijipigiza. Mwavuli wa mita 12 kwenye CTX ni pikseli mbili! Ulitambulika kwa sababu haukuwepo kabla, si kwa umbo lake. Siku chache baadaye HiRISE ikaonyesha undani.

Pale pasipo na picha ya kabla, kazi huwa ya aina nyingine. Mars 3 ya Wasovieti ilitua tarehe 2 Desemba 1971, ikatuma ishara kwa sekunde chache tu, ikanyamaza. Kundi la wapenzi wa anga wa Urusi likiongozwa na Vitali Egorov lilichukua picha ya HiRISE ya Novemba 2007, PSP_006154_1345, wakapiga hesabu ya ukubwa wa kila kipande: mwavuli, ngao ya joto, roketi ya kupunguza mwendo, chombo chenyewe. Kisha watu wengi wakaipekua picha nzima. Matokeo yalitangazwa Aprili 2013. Kilichowapa uzito si doa jeupe peke yake, bali vipande vinne vilivyolingana na vipimo, vikiwa vimepangika kama kutua kwenyewe kulivyopaswa kuviacha.

Beagle 2, chombo cha Uingereza, nayo ilipotea sikukuu ya Krismasi ya 2003, ikapatikana katika picha za HiRISE za 2013 na 2014, na habari ikatolewa Januari 2015. Ilikuwa kilomita 5 hivi tu kutoka katikati ya eneo lililolengwa. Ikiwa imefunguka haifiki hata mita 2, yaani pikseli sita au saba. Jambo lililowashawishi wachunguzi ni kwamba mng'ao wake ulibadilika kati ya picha na picha kadiri pembe ya jua ilivyobadilika, kama chuma kinavyofanya na jiwe halifanyi, tena mwavuli na kifuniko cha nyuma vilikuwa jirani.

Sasa Mars Polar Lander, iliyopotea tarehe 3 Desemba 1999. Kwa kweli hatuwashauri kuanza nayo. Ilikuwa ikielekea latitudo ya 76 kusini, ambako kila majira ya baridi ardhi hufunikwa na barafu ya kaboni dioksidi. Barafu hiyo ikiyeyuka kuwa gesi hutoboa, hupasua na kumwaga vumbi jeusi, ikaacha madoa meupe na meusi kwa maelfu. Mwavuli uliokaa hapo miaka yote hiyo umekwisha kupakwa vumbi mara nyingi. Mkiamua hata hivyo, tumieni picha za kiangazi cha kusini tu: chuja longitudo ya jua (namba ya 0 hadi 360 inayoonyesha majira ya mwaka wa Mirihi), inayoandikwa Ls, kati ya 300 na 360. Mwanzoni mwa kiangazi bado kuna barafu kwenye vivuli.

Jizoezeni kwanza kwa vitu vinavyojulikana. Nendeni Jezero, 18.44 kaskazini na 77.45 mashariki, mkatafute alama za kutua kwa Perseverance katika picha za baada ya tarehe 18 Februari 2021. Mkishindwa kuviona vilivyo na anwani, visivyo na anwani mtavizua.

Tahadhari moja kuhusu mistari iliyonyooka. Kamera ya HiRISE imeundwa kwa vipande vya vihisio vilivyopangwa kando kwa kando, na maungio yao huacha mistari iliyonyooka kama ukuta. Tangu 2023 kihisio kimoja cha katikati kimeharibika, hivyo picha mpya huwa na ufa au mchirizi katikati. "Barabara" inayokwenda sambamba na ukingo wa picha kutoka juu hadi chini si barabara.

Je, picha za Misbar ya Amal ya Falme za Kiarabu zinafaa kwa msako huu? (Msomaji, Dubai)

Hapana, ingawa ni nzuri kwa kazi yake. Al Amal, iliyofika Februari 2021, huzunguka mbali sana, kati ya kilomita 20,000 na 43,000 hivi, ili iitazame hali ya hewa ya sayari nzima. Pikseli yake ni kilomita kadhaa. Itumie kujua kama kulikuwa na dhoruba ya vumbi au mawingu wiki ambayo picha yako ya karibu ilipigwa.

Nawezaje kujua urefu wa mwamba au kina cha shimo bila ramani ya mwinuko? (Mwanafunzi wa jiolojia, Dodoma)

Kwa kivuli. Katika maelezo ya picha tafuta pembe ya kuingia ya jua. Ni pembe kati ya jua na mstari wima. Itoe kwenye 90 upate kimo cha jua. Pima kivuli kwa kufuata mwelekeo wa jua ulioandikwa humo, si kwa kufuata latitudo. Kikiwa pikseli 120 za sentimita 25, ni mita 30. Pembe ikiwa 56, kimo cha jua ni 34; tanjiti yake ni 0.6745, urefu ni mita 20.2.

Hesabu hiyo inadhani ardhi ni tambarare. Ikiwa chini ya kivuli kuna mteremko wa digrii 5 tu unaoshuka kulipa jua mgongo, kivuli hurefuka, na urefu wa kweli ni mita 17.6. Kwa hiyo usiandike desimali mbili. Pima vivuli vitatu vinne vya jirani, na uepuke picha zilizopigwa kamera ikiwa imeinama sana, zenye pembe ya kutokea ya zaidi ya digrii 10 hivi.

Kwa shimo, kivuli kikiwa hakijaufikia ukuta wa pili, unapata kina chote. Kikiufikia, unapata kiasi ambacho shimo halipungui, basi. Ndiyo maana lile tundu la Pavonis tumesema "si chini ya".

Nimeona doa jeusi kwenye picha ya CTX ambalo halipo kwenye picha ya zamani. Je, ni kimondo kipya? Na nimwambie nani? (Msomaji, Bukavu)

Laweza kuwa, kwa sharti kadhaa. Kwanza, picha ya zamani iwe na pikseli za kutosha kuonyesha doa hilo kama lingekuwepo. Doa la mita 50 halitaonekana kwenye picha ya joto ya THEMIS, na hiyo si ishara kwamba ni jipya. Pili, linganisha picha za pembe ya jua inayokaribiana na za majira yanayokaribiana, maana vumbi huhamahama, hasa Ls kati ya 180 na 360, msimu wa dhoruba. Tatu, angalia mahali. Likiwa kwenye mteremko na umbo lake ni mchirizi unaopanuka kwenda chini, ni vumbi lililoporomoka, jambo la kawaida kabisa. Yakiwa mistari myembamba iliyojipinda tambarare, ni nyayo za vimbunga vya vumbi. Doa la kimondo huwa na kiini, na miale inayotawanyika kukizunguka.

Kimondo cha tarehe 24 Desemba 2021 kilipatikana kwa njia hii. Chombo InSight, kilichokuwa kimetua kilomita kama 3,500 kutoka hapo, kilisikia tetemeko la ukubwa wa 4. Baadaye picha za CTX zikaonyesha kreta ya mita 150 hivi huko Amazonis Planitia, na kamera ya hali ya hewa ya Mars Reconnaissance Orbiter, inayopiga sayari nzima kila siku kwa pikseli kubwa, ikabana muda wa kutokea hadi ndani ya saa 24. HiRISE iliona vipande vya barafu vimetapakaa ukingoni.

Doa lako likivuka masharti hayo matatu, fungua HiWish, ukurasa wa University of Arizona ambao mtu yeyote anaweza kuombea HiRISE ipige mahali fulani. (Si chuo kile cha JMARS, wengi huvichanganya.) Utahitaji kuchora kisanduku kisichozidi fremu moja, kuandika longitudo ya mashariki na latitudo ya kutoka kitovuni, na sababu ya kisayansi kwa sentensi mbili tatu. Taja namba za picha zote mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na ukubwa wa doa kwa mita. Ombi lenye "kitu cha ajabu" bila namba za picha hukaa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ndefu: laweza kuchukua miaka, au lisipigwe kabisa.